Mjomba Yuko Umbali Gani?

Tangu nirudi mmeniuliza, na kila mmoja anauliza lake. Huyu anataka kujua ndege ikoje, yule harusi ilikuwaje, na Fundi Masalu kila asubuhi anauliza kwa nini begi langu jeusi bado linaning'inia kwenye msumari wa mlango wa karakana wakati safari imekwisha. Haya, kaeni. Nitaeleza mara moja tu, na jokofu la watu hili litasubiri.

Kwanza mjue nilikuwa nakwenda kufanya nini, maana bila hivyo mtaniona kichaa. Kwetu ni Mkotokuyana, wilaya ya Nachingwea, kusini kabisa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mtu mzito kwake ni mjomba. Dada yangu Skola alikuwa anamwoza binti yake, Neema, kwa kijana wa Mbwemkuru, wilaya ya jirani ya Ruangwa. Padri atafungisha ndoa asubuhi, hilo halinihusu. Linalonihusu ni la jioni. Katika ukoo wetu, kabla bibi harusi hajaondoka na wakwe, msemaji wao humsimamisha mjomba mbele ya watu na kumuuliza swali moja: mtoto huyu akikuhitaji, uko umbali gani? Mjomba anajibu, wakwe wanasikia, binti anasikia. Lazima jibu liwe la kweli, na mjomba mwenyewe awe amesimama pale kwa miguu yake. Asipokuwepo, binti hatoki.

Wajomba wa zamani walikuwa na kazi rahisi. Alisema tu, jogoo wangu akiwika anamsikia, basi, imekwisha. Mimi naishi Mwanza. Jogoo gani huyo?

Na Skola hakuwa na mchezo na jambo hili. Siku anaolewa yeye, mjomba wetu hakutokea, akajibu mtu mwingine kwa niaba yake. Ndoa ile ilikuwa ya mateso, na aliivumilia miaka mingi kabla ya kuitoroka. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi mapema alisema hakujua arudi kwa nani, kwa sababu siku ile hakusikia jibu la mtu wake. Kwa hiyo aliponipigia kunialika hakunibembeleza. Alisema, "Deo, usipofika, mwanangu hatoki. Na mimi sitamtoa."

Nikamwambia asihangaike, sasa kuna ndege. Nikatazama kwenye simu: uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka uwanja wa ndege wa Nachingwea, kilomita elfu moja na kidogo, mwendo wa saa moja na nusu. Nikamsomea kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Nilisikia nyuma yake wanawake wakiguna, maana alikuwa ameniweka kwenye spika. Wallahi nilijisikia raha. Jibu la mjomba nikawa nimeshalipata: niko saa moja na nusu tu kutoka kwenu.

Mwanza hadi Dar

Ndege ilipoacha ardhi nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, ziwa lote lilikuwa limelala chini, na yale mawe yetu makubwa ya kujivunia yamekuwa kokoto. Halafu tukaingia mawinguni na dunia ikaondoka. Sijui niseme nini hapo. Hakuna juu, hakuna chini, unasikia mngurumo tu, na mwili unakuwa mwepesi mpaka unasahau una miguu. Nilisinzia nikaamka, nikasinzia tena, na kila nikiamka weupe ni ule ule, nikawa sina hakika kama kweli nimeamka.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Bukoba, mtu mzima, aliyezoea kupanda. Ndege ilipotikisika alinishika mkono bila kuniuliza, kama mtoto wake. Begi langu lilikuwa limebeba sato waliobanikwa, zawadi ya harusi, na harufu ilikuwa imeshatembea mpaka kwa rubani, lakini mama yule hakuziba pua. Nikamsimulia yote: harusi, swali, na jibu langu. Akasikiliza, kisha akauliza kama ndege hii inakwenda kushuka huko Nachingwea. Nikacheka. Nikamweleza kwamba uwanja wa Nachingwea ni wa enzi za Waingereza waliokuja kulima karanga, ndege ndogo hushuka pale mara moja moja zikileta wakubwa au daktari, lakini sisi wa tiketi tunakwenda Dar, halafu Mtwara, halafu barabara.

"Basi mwanangu," akasema taratibu, "umeupima umbali wa ndege ambayo haipo."

Nilinuna. Sikumjibu mpaka tunashuka, nami ndiye niliyeshikwa mkono njia nzima.

Dar hadi Mtwara

Ndege ya Mtwara ilichelewa. Walitutangazia kwa sauti ya upole kwamba imechelewa, baadaye wakatutangazia kwa sauti ile ile kwamba itachelewa zaidi. Nilikunywa chai na chapati mbili ambazo bei yake nimeapa kutoitaja mbele ya mke wangu. Nikakaa kando ya kioo kikubwa nikizitazama ndege zikipanda moja moja na kupotelea kwenye mwanga. Usingizi ukanichukua nimeketi. Nikamwota Skola akiwa msichana, amenibeba mgongoni tunavuka mto, maji yanamfika kiunoni, nami namuuliza ng'ambo iko mbali gani. Alikuwa ananijibu lakini tangazo likamkata sauti.

Nilimpigia. Nikamwambia niko uwanja wa ndege, ndege imechelewa kidogo, asiwe na wasiwasi. Akasema sawa, tutakupokea. Nikasema haya. Mazungumzo yote ndiyo hayo, na mtaona yalivyotuponza.

Kosa langu jingine ni kwamba muda wote huo nilikuwa nimefungua ramani ya simu, namwonyesha kila aliyekaa karibu yangu kile kidoti cha bluu ambacho ndicho mimi. Chaji nyingi ya simu ikaishia huko. Mtwara nilifika jioni, upepo wa bahari unavuma, na nyumba ya wageni niliyoipata haikuwa na umeme mtaa mzima. Simu ikazima ikiwa mkononi mwangu. Namba za watu sikuwa na hata moja kichwani. Nani siku hizi anakumbuka namba?

Mtwara hadi Ruangwa

Basi liliondoka alfajiri, na tundu la kuchajia simu lilikuwa urembo tu. Siku yenyewe ya harusi ndiyo hiyo. Nilijipa moyo: nitafika mchana, nitaoga, nitavaa suti, nitajibu. Mikorosho ikaanza kupita dirishani, mistari kwa mistari, na harufu ya mabibo yaliyoiva ikaingia ndani, ile harufu tamu yenye ukali kidogo. Ukiisikia hiyo baada ya miaka mingi unarudi kuwa mtoto. Nilikaa nikiivuta tu.

Karibu na Nanganga, pale njia ya Ruangwa inapojitenga, mkanda wa injini ukakatika. Dereva akashuka, akatazama, akajikuna kichwa. Tukashuka wote tukakaa majanini. Mwanamke mmoja alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha kwenye ndoo. Ni vile viazi vya porini ambavyo nyie watu wa ziwani hamvijui, na poleni. Nikala na chumvi nikiwa natazama jua linavyopanda.

Aliyekaa karibu yangu alikuwa Mmakua mmoja anaitwa Bakari, na kwa kuwa alinijua kwa lafudhi kuwa ni Mmwera, utani ukaanza hapo hapo. Alisema ndege ilichelewa kwa sababu haijawahi kubeba Mmwera, ilikuwa inajiuliza. Alisema sato wangu wameshakufa mara ya pili. Nilimrudishia za kwake, tukacheka, lakini alipojua naenda kujibu swali la mjomba aliacha utani mara moja. Akasimama barabarani akaanza kusimamisha magari kwa mikono miwili, kama harusi ni ya binti yake.

Lililosimama lilikuwa pikapu iliyobeba makochi mapya, bado yamevikwa nailoni, yanapelekwa Ruangwa. Dereva alisema mbele kumejaa, ila nyuma kuna viti. Basi mimi na Bakari tukapanda nyuma, tukaketi kwenye kochi, tukaegemea. Jamani, hiyo ndiyo sehemu ya safari nitakayoikumbuka mpaka nazikwa. Kochi la nailoni, anga lote juu yako, vilima vya Ruangwa vinakuja polepole na kuondoka polepole, watoto wanapunga mikono, na wewe umekaa sebuleni kwako katikati ya barabara. Nilipitiwa na usingizi. Katika usingizi ule kochi lilikuwa limenyanyuka, linaruka juu ya mikorosho bila sauti, na chini Neema ananyoosha kidole ananionyesha.

Ruangwa nikaamshwa. Nikaingia mgahawani nipate chochote, nikaletewa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Mama ntilie akauliza ninakokwenda. Nilipotaja harusi akasema wenyewe wa Mbwemkuru walipita asubuhi mapema, gari mbili, wanapiga ngoma na kuimba, bwana harusi kakaa mbele anatoka jasho. Nikarudisha tonge sahanini. Hao wamepita asubuhi, na mimi niko hapa nalamba vidole. Saa moja na nusu! Nilianza kulionea haya lile jibu nililokuwa nalikariri tangu Mwanza.

Ruangwa hadi Mkotokuyana

Bakari tuliagana Ruangwa. Gari la Nachingwea lilisubiri lijae, na mimi nikasubiri nalo, roho ikiwa juu juu. Tulipoingia Nachingwea jua lilikuwa limeshaanza kulala. Kwa mbali, kule upande wa uwanja wa ndege, niliona watu wengi wamekaa majanini, vitenge vya rangi rangi, moshi wa kupikia unapanda. Nikadhani ni mkutano wa hadhara, au mpira. Nikawatazama tu, nikapita zangu. Mtanicheka, lakini nilipita.

Nikapanda bodaboda ya kijana mmoja anaitwa Hashimu, nikamwambia Mkotokuyana, haraka, mimi ni mjomba. Hakuuliza mjomba wa nani. Aliikimbiza pikipiki ile mpaka nikajuta kumweleza.

Tulipofika nyumbani kwa Skola palikuwa kimya. Turubai limefungwa, viti hakuna, masufuria hakuna, kuku wanapekua majivu ya mafiga. Nikaita, hodi, hodi. Nikazunguka nyumba nzima. Nikasema moyoni, wameshamtoa bila mimi, au harusi imevunjika.

Akatoka jirani, Bibi Somoe, mzee aliyekuwa akituuzia vitumbua tukiwa wadogo. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na Kimwera changu kimeota kutu. Nikamuuliza Skola yuko wapi. Akanitazama juu mpaka chini, akashika kifua, kisha akanyoosha mkono kuonyesha mbinguni. Nilikaa chini kwenye vumbi na suti yangu mkononi. Nilijua dada yangu amekufa.

Hashimu, anayekijua Kimwera vizuri, akaongea naye, halafu akaanza kucheka mpaka akaegemea pikipiki. Bibi hakuonyesha mbinguni. Alionyesha ndege. Watu wote, wa kwetu na wa Mbwemkuru, wametoka kanisani moja kwa moja kwenda uwanja wa ndege kunipokea. Si nilisema mwenyewe, uwanja hadi uwanja, saa moja na nusu? Si nilisema niko uwanjani, ndege imechelewa kidogo? Walisubiri jana jioni. Leo wamehamishia na shughuli yenyewe huko huko, ili mjomba akishuka tu aulizwe, binti aondoke. Bibi Somoe alikuwa anashangaa mimi nimeshukia wapi.

Mkotokuyana hadi uwanjani

Njia ya kurudi Nachingwea niliyaona mambo kwa mbali, kama ya mtu mwingine. Vumbi lilikuwa dhahabu, jua liko begani, na nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojua nacheka au nalia. Hashimu alipiga kelele kwenye upepo kwamba mchana alipita pale uwanjani akakuta wazee wa Mbwemkuru wanagomba, ila mjomba waliyemsubiri alikuwa wa ndege, hakudhani ndiye mimi niliyeshuka kwenye gari. Walitaka kuondoka kabla jua halijazama. Mtu mmoja wa kwetu akashauri nipigiwe simu nijibu kwa spika, simu haikupatikana, na hata hivyo msemaji wao alikataa. Simu haina miguu, alisema.

Aliniteremsha pembeni ya uwanja. Nikaenda kwa miguu, majani yananifika magotini, begi begani.

Walikuwa wamenipa mgongo wote. Ukoo mzima, wakwe, kwaya na majoho yao, wapishi na miiko yao, wamesimama kwenye ukingo wa ile njia ndefu ya ndege, mikono kwenye vipaji vya nyuso, wanatazama angani. Katikati yao, peke yake kwenye kiti, Neema katika gauni jeupe, naye anatazama juu. Juu kabisa, ndege moja kubwa ilikuwa inapita zake kwenda nchi za watu, haionekani, mstari mweupe tu unajichora polepole. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakaanza kupunga khanga. Na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikasimama nyuma yao nikainua mkono, nikaipungia pia.

Mzee wa mbele yangu, mwenye kanzu, akasema bila kugeuka kwamba nisogee kidogo, nisimsonge, mjomba anakuja. Nikamwomba radhi nikasogea.

Mstari ule ukarefuka, ukaenda, ukaanza kufutika. Khanga zikashuka moja moja. Nikamwona Skola anakaa chini, taratibu, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Mabega yale niliwahi kuyaona, siku ya harusi yake mwenyewe.

Nikaita, "Dada."

Aligeuka. Alinitazama, akatazama angani, akanitazama tena. Akauliza, "Umeshukia wapi?" Nikamwambia Mtwara, jana. Akavua kiatu kimoja akanirushia, akanipata begani, kisha akaja akanishika shingo kwa nguvu na hakuniachia. Watu wakaja wote. Harufu ya sato wangu ilitosha kuwathibitishia ni mimi.

Lakini jua lilikuwa linakwenda. Yule mzee wa kanzu, aliyeniambia nisimsonge, ndiye aliyekuwa msemaji wa wakwe, Mzee Kazumari. Hakunipa hata maji. Akanisimamisha katikati ya uwanja, na vumbi langu, na suti bado mkononi, akaleta mkono wa Neema akauweka kwenye wangu. Mkono ulikuwa wa baridi. Kisha akauliza, "Mjomba, mtoto huyu akikuhitaji, uko umbali gani?"

Lile jibu langu la Mwanza lilikuwepo, limekaa kwenye ulimi. Kwenye simu bado ni kweli, ukiiwasha itakusomea vile vile. Nikawatazama wale watu waliokuwa wakitazama angani tangu mchana kwa sababu yake. Nikaona aibu. Nikamgeukia Neema, si mzee.

"Mbali," nikasema. "Sikia vizuri, mwanangu. Niko mbali sana. Ukiniita asubuhi, sitafika jioni. Hata kesho yake pengine sitafika. Lakini siku utakayoniita, ujue nimeshatoka. Usinitazamie juu. Tazama barabarani."

Sikujua kama nimeharibu harusi, maana hakuna mjomba katika ukoo wetu aliyewahi kujibu kwamba yuko mbali. Skola alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Kazumari akanitazama viatu, akatazama suruali, akatazama begi.

"Umesikia?" akamuuliza bibi harusi.

"Nimesikia," Neema akasema, na akanibana vidole.

Mzee akawageukia watu wake wa Mbwemkuru. Akawaambia wamtunze sana binti huyu, kwa sababu mtu aliyepita yote hayo kuja kwenye sherehe, akija kwa ugomvi hatakubali kurudi upesi. Watu wakaangua kicheko uwanja mzima, ngoma ikashika, na magari yao yakaondoka yakifuata ile njia ya ndege mpaka mwisho, taratibu, kama yanayotaka kupaa. Neema alitoa mkono dirishani. Tulisimama mimi na Skola mpaka vumbi lilipotulia. Akasema angekuwa amesikia maneno kama yale siku yake, asingekaa kule miaka yote ile. Tukaenda kula wali uliopoa.

Kurudi

Kurudi nimerudi kwa basi tu, barabara mwanzo hadi mwisho, na sikutazama ramani hata mara moja. Nilitaka kuijua njia kwa mwili: wapi basi linasimama, wapi pana chai, wapi ukikwama unaweza kuomba lifti. Nimeandika namba za watu kwa kalamu, zimo ndani ya begi hilo hilo mnaloliuliza, pamoja na shati moja, chaja na chumvi kidogo ya kulia ming'oko.

Juzi Neema alinipigia, mnakumbuka, nilitoka nje nikaongea. Hakuwa na shida. Alisema Mbwemkuru mvua zimeanza, mume wake ni mtu mwema, na anajifunza kupika kama wakwe wanavyopenda. Akauliza, "Mjomba, lile begi liko wapi?"

Nikamwambia liko mlangoni.